Jinsi ya Kuchagua na Kutunza Reverso, Saa Inayogeuzwa

Anayetaka kununua Reverso, saa ya mkononi ya kampuni ya Uswisi ya Jaeger-LeCoultre, kwa kawaida huanza kwa kuutazama uso wake, ilhali swali la kwanza linapaswa kuhusu mgongo: upande huo wa pili ataufanyia nini? Saa hii ilibuniwa kwa ajili ya mgongo. Maofisa wa Kiingereza waliokuwa India walivunja vioo vya saa zao katika mchezo wa polo, mfanyabiashara wa saa César de Trey akamfikishia mtengenezaji wa saa Jacques-David LeCoultre tatizo hilo, na tarehe 4 Machi 1931 mhandisi René-Alfred Chauvot akawasilisha mjini Paris ombi la hataza ya saa inayoteleza ndani ya fremu yake na kupinduka, kioo kikalala upande wa ngozi na chuma kikapokea kipigo.

Kwa kuwa wanunuzi wengi wa leo hawatakaribia uwanja wa polo, mgongo unaweza kuachwa chuma kitupu, ukatiwa nakshi ya herufi za jina au picha ya enameli, au ukawa uso wa pili. Mimi napendelea chuma kitupu, kwa sababu mikwaruzo yake ni ya mwenye saa mwenyewe na haikununuliwa dukani. Msafiri atafaidika zaidi na Duoface, iliyoanza mwaka 1994, ambayo mtambo wake mmoja huendesha nyuso mbili zenye saa za nchi mbili tofauti. Msemaji wa Kiswahili anaweza hata kutofautisha nyuso hizo kwa saa sita, ili mmoja useme saba na wa pili useme moja, ingawa sisi tumezoea kusoma namba inayokabiliana na mshale na hatuna haja ya kulipia anasa hiyo.

Ukishaamua kuhusu mgongo, pima mkono. Saa ya mstatili huwadanganya wanaosoma upana peke yake: Reverso Tribute Small Seconds ina upana wa milimita 27.4, lakini urefu wake ni milimita 45.6, na urefu ndio unaoamua kama ncha zake zitatulia juu ya mkono au zitaning'inia pembeni. Mistari mitatu iliyochongwa juu na chini ya uso, ambayo ni alama ya Art Deco, mtindo wa sanaa wa miaka ya 1920 na 1930, inapendeza zaidi saa inapochungulia kwenye mkono wa shati, kwa hiyo chagua mkanda wa ngozi usio na mapambo mengi na uiache mistari hiyo ijisemee.

Anayetafuta saa ya zamani asiikatae kwa sababu tu uso wake hauna jina la Jaeger-LeCoultre. Jina hilo la kampuni lilianza mwaka 1937, na nyingi kati ya saa za mwanzo ziliandikwa Reverso tu. Jambo la kukagua ni mwendo wa kasha ndani ya fremu: liteleze bila kukwama, na likirudi lisicheze.

Kuigeuza si kazi ya nguvu. Sukuma kasha kando mpaka lifike mwisho, lipindue, kisha lirudishe mpaka lishike. Anayelazimisha kulipindua kabla halijafika mwisho anajitafutia safari ya kwa fundi. Reverso nyingi ni saa za ufunguo, yaani za kuzungushwa kitufe cha pembeni kwa vidole, nazo hutiwa ufunguo zikiwa zimevuliwa, taratibu, mpaka uhisi ukinzani, kisha unaacha. Maandishi ya kustahimili maji hadi mita 30 yasikushawishi kuogelea nayo. Mara kwa mara telezesha kasha nusu na upanguse fremu kwa brashi laini, kwa maana chembe ya mchanga iliyonasa humo hukwaruza mgongo uleule uliouchagua kwa makini.