Tarehe kwenye Excel: tazama imeegemea wapi

Nyie mnaoweka hesabu za karafuu kwenye Excel huko Wete na Chake: kompyuta ikiwa na mpangilio wa Marekani, unaotanguliza mwezi, ukiandika 12/1/1964 kwa kukusudia 12 Januari, siku ya Mapinduzi, yenyewe inaelewa tarehe 1 Disemba. Mapinduzi yashahamishwa hayo, na kwa macho huoni kitu! 26/4/1964 je? Mwezi wa 26 hakuna, basi inabaki maandishi tu, imeegemea kushoto. Tarehe ya kweli hukaa kulia. Ndani yake ni namba: 12 Januari 1964 ni 23388, hesabu ikianzia 1 Januari 1900. Andika 1964-01-12, haibabaiki. Au badilisha eneo liwe Uingereza kwenye mipangilio ya kompyuta, kabla hujaanza kazi. Zilizokwisha kuingia vibaya hazijirekebishi.