Somo: Kuchagua na kutundika nakala ya mchoro wa maumbo

Picha ya bahari ikiinama kidogo ukutani, mgeni hagundui. Mchoro wa miraba na mistari haukusamehe hivyo. Mstari wake mweusi unakwenda sambamba na ukingo wa fremu, fremu na dari, dari na kizingiti cha mlango, na jicho hulinganisha vyote kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana somo hili lina vipimo vingi kuliko maneno ya urembo.

Hatua ya 1: Tafuta vipimo vya mchoro wa asili

Fanya hivi kabla hujapenda rangi. Broadway Boogie Woogie ya mchoraji Mholanzi Piet Mondrian (1942–43) ni mraba wa sm 127 kila upande. Ukiikuta imejaza karatasi ya sm 50 kwa 70, ujue imekatwa au imevutwa. Kwenye picha ya maua ungepoteza jani moja tu. Hapa unapoteza uwiano, na uwiano ndio mchoro wenyewe. Kwa hiyo gawanya upana kwa urefu, wa asili kisha wa nakala. Composition VIII ya mchoraji Mrusi Kandinsky (1923), yenye upana wa sm 201 na urefu wa sm 140, inatoa 1.44; karatasi ya 70 kwa 50 inatoa 1.4. Mchapaji mwaminifu ataacha ukanda mweupe kufidia tofauti hiyo ndogo, hatakata.

Hatua ya 2: Kagua uchapaji

Sogeza jicho karibu na mstari wa mshazari au ukingo wa duara. Ukiona vingazi vidogovidogo, faili lilikuwa dogo. Kwa sm 50 kwa 70, nukta 300 kwa inchi, zinahitajika pikseli kama 5,900 kwa 8,270. Angalia pia kama eneo la rangi moja lina michirizi.

Hatua ya 3: Fremu

Weka pambizo ya kadibodi isiyo na asidi ili karatasi isiguse kioo. Unyevu ukiingia, karatasi hugandia kioo na kuharibika. Fremu iwe nyembamba. Ile ya dhahabu yenye nakshi, kwangu mimi, ni kumvisha mkimbiaji joho. Mondrian mwenyewe alipenda turubai ichomoze mbele ya fremu badala ya kuzama ndani yake.

Hatua ya 4: Mahali

Kitovu cha picha kiwe kati ya sm 145 na 150 kutoka sakafuni. Juu ya kochi, acha nafasi ya sm 15 hadi 25, na upana wa picha uwe kama theluthi mbili za kochi. Kata gazeti kwa kipimo hicho, libandike ukutani, ukae nalo siku mbili.

Hatua ya 5: Kutundika

Tumia skrubu mbili, si msumari mmoja, maana picha kwenye msumari mmoja huzunguka kila mlango unapobamizwa. Hakikisha kwa pima maji. Lakini kama dari yako yenyewe imepinda, pima maji itasema sawa na jicho litakataa. Mimi hapo hufuata jicho.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, yangu haina saini. Nitajuaje juu ni wapi?

Jibu: Usione haya. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba New York City I ya Mondrian, iliyoko kwenye makumbusho ya Düsseldorf, Ujerumani, huenda imetundikwa kichwa chini kwa miongo kadhaa. Nayo haina saini. Hawakuigeuza, kwa kuhofia tepe zilizobandikwa juu yake zisibanduke. Wewe linganisha na picha iliyotolewa na makumbusho yenye mchoro wa asili.

Swali: Ukuta wangu unapigwa na jua la asubuhi. Kioo cha kuzuia mionzi kitatosha?

Jibu: Kitachelewesha kupauka, hakitazuia. Hamisha picha, dada.

Swali: Mume wangu anataka tuiweke konani, juu kabisa karibu na dari. Si kituko hicho?

Jibu: Ana mtangulizi! Mwaka 1915 huko Petrograd, mchoraji Malevich alitundika mchoro wake Mraba Mweusi konani juu, mahali ambapo nyumba za Warusi ziliweka picha takatifu. Ila yenu ina kioo. Jaribuni kwanza usiku taa ikiwaka, muone kama mnaona picha au balbu.

Swali: Nakala yangu ya Mondrian ni ya mraba. Nimeizungusha isimame kwa pembe, kama almasi, maana nimeona anazo za hivyo. Sawa?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kwenye zile za almasi aligeuza turubai tu. Mistari ilibaki wima na mlalo. Ukizungusha ya kawaida, mistari yote inakuwa ya mshazari, kitu ambacho yeye alikikataa.

Swali: Nimeirudisha. Sasa naona imeinama.

Jibu: Rudi hatua ya 5. Skrubu ngapi?