Kabla ya Kwenda Monemvasia: Mambo ya Kuzingatia

Anza na jina. Kwa Kigiriki, moni ni moja na emvasis ni kuingia: mji wenye njia moja ya kuingilia. Ukilishika hilo, utajua ufunge nini na uache nini nyumbani.

Monemvasia imejibanza kwenye jabali kubwa, baharini kando ya pwani ya kusini-mashariki ya Peloponnese, Ugiriki. Inaaminika kwamba tetemeko la mwaka 375 ndilo lililolitenga jabali hilo na bara. Leo njia nyembamba yenye daraja inaliunganisha na Gefyra, mji mdogo wa ng'ambo wenye maduka na vyumba vya kupanga. Ukiwa Gefyra huoni hata nyumba moja ya mji wa kale. Unaona mwamba mtupu. Usidhani umepotea. Wakimbizi waliouanzisha katika karne ya 6, wakikwepa uvamizi wa Waslavi, waliuficha makusudi upande unaotazama bahari.

Magari yanaishia nje ya lango. Ndani ni vichochoro na ngazi za mawe yaliyosuguliwa na nyayo za karne nyingi hadi yakang'aa, kwa hiyo sanduku la magurudumu litakutesa. Beba begi la mgongoni. Viatu viwe na soli inayong'ata, maana ndala huteleza hata siku ya jua kali. Njia ya langoni yenyewe imepinda ndani ya giza la ukuta, adui asiweze kuingia kwa kasi. Unatoka upande wa pili na mji unakutokea ghafla.

Maji nayatilia mkazo zaidi. Jabali halina chemchemi. Wenyeji walikinga mvua kwenye mabirika yaliyochimbwa chini ya nyumba, na ndiyo yaliyowawezesha kustahimili kuzingirwa. Mwaka 1248 William wa Villehardouin, mtawala mwenye asili ya Ufaransa aliyeshika sehemu kubwa ya Peloponnese, aliutwaa mji baada ya miaka mitatu ya kuuzingira, na masimulizi ya zama zile yanasema watu walifikia kula paka na panya. Miaka 14 tu baadaye, mwaka 1262, akalazimika kuurudisha kwa Wabizanti, yaani dola ya Warumi wa Mashariki, ili akombolewe kutoka utekwani. Basi ukipanda Mji wa Juu, ambao sasa ni magofu, chukua maji ya kutosha na upande asubuhi na mapema. Kivuli ni haba hadi ufike kanisa la Hagia Sophia la karne ya 12, lililo ukingoni mwa genge.

Soma historia kidogo kabla hujafika. Waveneti, Wakristo wa Venice huko Italia, na Waosmani, Waislamu wa Uturuki, walipokezana mji huu hadi mwaka 1821, Wagiriki walipoukomboa, na usipojua hivyo hutaelewa kwa nini uwanjani kanisa la Elkomenos limetazamana na uliokuwa msikiti. Divai ya Malvasia nayo, iliyovuma Ulaya nzima, imechukua jina lake hapa.

Anayetumia pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, tena aiombe mapema.

Mwisho, tenga nusu saa ya makaburini, nje ya lango. Hapo amelala mshairi Yannis Ritsos, aliyezaliwa mji huu mwaka 1909 na kurudishwa kuzikwa mwaka 1990, mwamba juu yake na bahari mbele.