Kwenye mchanga, kiti mwendo kivutwe kinyumenyume

Kwa sisi tunaokwenda msikitini kwa kiti mwendo hapa Tabora, ambako kiangazi njia nyingi za mitaani huwa mchanga mtupu, ninashauri kwamba anayekusaidia asikisukume kiti mbele, bali akigeuze na kukivuta kinyumenyume. Wabishi ni yale magurudumu madogo ya mbele: kiti kikisukumwa hujichimbia mchangani na kukwama ghafla, na aliyeketi anaweza kujikuta amesujudu kabla ya adhana. Kiti kikivutwa, magurudumu makubwa ndiyo hutangulia kufungua njia, nayo madogo hufuata yakiwa mepesi, hasa mvutaji akikiinamisha kiti kidogo upande wake. Funga mkanda kwanza, naye avute kwa hatua fupi. Mbinu hii haifai kwenye mteremko mkali, kwa kuwa uzito wote utamshukia anayevuta, wala kwenye mchanga mwingi unaomeza hata magurudumu makubwa. Hapo tafuteni mtu wa pili. Kasoro nyingine, ambayo sijaipatia dawa, ni kwamba humwoni mtu mpaka umeshampita, kwa hiyo wazee huiona shikamoo yako kuwa imechelewa.