Somo: Kumfundisha mtoto kuumba herufi kwa kufuatisha, na lini uache

Mwaka wa kwanza nilipopewa darasa la awali hapa Mbeya, nilikuwa na mtoto ambaye ukurasa wake wa kufuatisha herufi za nukta ulikuwa safi kuliko wote. Siku nilipompa ukurasa mtupu na kumwambia aandike a, alinitazama tu. Nikaketi karibu yake, nikamrudishia nukta zake, nikaona: anaanzia chini, anapanda, anainua penseli, anarukia upande wa pili. Alikuwa anaunganisha nukta, haandiki. Kosa lilikuwa langu, maana siku zote hizo nilikuwa mezani nasahihisha madaftari. Tangu hapo naangalia kwanza mkono unavyokwenda, uzuri wa herufi baadaye.

Hatua ya 1: Vidole

Msimu wa mavuno huku kwetu unatusaidia. Mpe mtoto mahindi apukuchue, achambue maharage, afinyange udongo. Anayepukuchua anatumia gumba na kidole cha shahada, vidole hivyohivyo vinavyoshika penseli. Mwezi wa sita na wa saba, baridi inapokaza, mpe kwanza kikombe cha uji vuguvugu akikumbatie kwa mikono miwili. Vidole vilivyokufa ganzi haviandiki.

Hatua ya 2: Mistari

Wima, mlalo, duara, mshazari. Watoto wengi huweza duara wakiwa na miaka 3 hivi, msalaba karibu na 4, pembetatu karibu na 5. Ndiyo maana k na z, zenye mshazari, hazitangulii.

Hatua ya 3: Kidole kwenye mchanga

Tandaza mchanga mkavu uliochekechwa kwenye sinia. Andika herufi moja kubwa, naye apitishe kidole chake juu yake mara kadhaa huku mkitamka sauti yake. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za msasa wazipapase. Vipande vya msasa vinapatikana kwa fundi seremala yeyote. Ukikata herufi na kuibandika kwenye boksi, inakaa muda mrefu.

Hatua ya 4: Penseli, kwa mafungu

Usifuate mpangilio wa a, b, ch, d. Panga herufi kwa mwendo wa mkono. Anza na i, l, t, u, ambazo huanza kwa kushuka. Zifuate c, o, a, d, g, zinazozunguka kwenda kushoto. Kisha r, n, m, h, b, p: shuka, rudi juu, pinda kulia. Halafu k, v, w, y, z. Zilizobaki, yaani e, f, j na s, ziingize mojamoja.

Andika herufi kwa wino hafifu, weka nukta ya kijani pa kuanzia. Mtoto anapofuatisha, semeni mwendo kwa sauti. Kwa a ni "zunguka, funga, shuka". Na usisubiri herufi zote ziishe. Akishapata m na a, tayari anaandika mama, na furaha ya siku hiyo utaiona usoni.

Hatua ya 5: Ondoa msaada

Hapa ndipo wengi tunakwama, kwa sababu ukurasa wa nukta unapendeza na mzazi anaufurahia. Katika mstari mmoja weka herufi mbili kamili za kufuatisha, mbili za nukta, mbili zenye nukta ya kuanzia tu, kisha nafasi tupu. Mwishowe funika mstari, aandike kwa kumbukumbu. Akishindwa, rudi hatua moja, si mpaka mwanzo. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Ukiona mabega yamekaza, acheni hapo.

Maswali ya wanakikundi

*Mama, Tukuyu:* Mwalimu, wangu ana miaka mitatu na nusu, penseli anaikamata kwa ngumi. Nimkataze?

Usimkataze, mama. Mpe chaki au penseli fupi, ya urefu wa kidole chake. Kipande kifupi hakina nafasi ya ngumi, vidole vyenyewe vitajipanga.

*Mwalimu, Mafinga:* Mwenzangu, mimi nina watoto wengi darasani na hakuna pa kuchapishia karatasi.

Toka nao nje. Chora herufi kubwa uwanjani kwa kijiti, watoto watembee juu yake wakianzia kwenye jiwe uliloweka. Ndani, waandikiane mgongoni kwa kidole, mwenzake abashiri. Halafu pitia safu moja kila siku ukiangalia mikono yao; kwa wiki utakuwa umewaona wote.

*Dada, Iringa mjini:* Mdogo wangu anachanganya b na d. Anataka kuandika baba, inatoka dada!

Hilo ni la kawaida mpaka miaka 7 hivi. Lugha yetu imetupa dawa yake: baba anatanguliza fimbo, dada anatanguliza kikapu. Kwa b mkono unashuka kwanza, tumbo linafuata. Kwa d unazunguka kwanza kama a, kisha fimbo. Msifundishe zote mbili wiki moja. Moja ikae kwanza.

*Baba, Njombe:* Kamwene mwalimu. Kijana wangu anatumia kushoto, na bibi yake anamrudisha kulia kila siku.

Kamwene baba. Mwombe bibi kwa heshima amwache, mkono huo ndio wake. Daftari lisogee kushoto kidogo, na kona yake ya juu ya kushoto iinuke. Ashike penseli juu kidogo kutoka kwenye ncha ili aone anachoandika. Ukimwandikia mfano, uweke upande wa kulia wa ukurasa pia, kwa sababu mkono wake unaufunika ule wa kushoto.