SOMO: Kituo cha tuisheni kimegoma kurudisha ada? Hivi ndivyo unavyodai

Habari za humu ndani. Wiki hii nimepigiwa simu na wazazi watatu, wawili wa hapa Arusha na mmoja wa Moshi, wote kwa jambo lilelile. Mtoto kalipiwa tuisheni, masomo hayakufundishwa, na mwenye kituo anasema hela haitoki. Basi niandike mara moja, tusome wote.

Mimi si wakili. Nililijua jambo hili kwa kulipitia. Mdogo wangu alikuwa anarudia mtihani wa kidato cha sita, masomo matatu, kwenye kituo kimoja cha hapa mjini ambacho sitakitaja. Tulilipa 360,000 kwa wiki 24. Wiki ya 8 mwalimu wa Fizikia na wa Kemia wakaondoka siku moja. Baiolojia ikaendelea wiki nne, nayo ikafa. Watoto wakabaki wanapewa madesa ya kutoa kopi. Nilipokwenda kudai, mwenye kituo hakubishana nami hata kidogo. Alichukua risiti yangu, akaigeuza, akaweka kidole kwenye muhuri wa zambarau uliogongwa kwa nyuma: ADA IKISHALIPWA HAIRUDISHWI. Akanirudishia na tabasamu.

Wengi huishia kwenye muhuri huo. Muhuri si sheria.

Hatua ya 1: Jua nani kavunja mkataba

Ulipolipa ada na wao wakapokea, mlifunga mkataba, hata kama hamkusaini karatasi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyeumizwa na uvunjaji wa mkataba haki ya kulipwa fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: nani aliacha kutimiza ahadi? Kama ni kituo (walimu hawapo, vipindi havipo, wamehama), neno "hairudishwi" haliwapi ruhusa ya kula hela ya kazi ambayo hawakuifanya. Kama ni wewe uliyebadili mawazo, muhuri ule una nguvu zaidi, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujapoteza nauli.

Pia kuna udanganyifu wa matangazo. Kama bango lilisema walimu sita wenye shahada na ukamkuta mmoja aliyemaliza shule juzi, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na malalamiko ya aina hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Piga picha bango kabla halijashushwa.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Hapa ndipo wengi tunapojiharibia. Tunadai hela yote kwa hasira, hata ya wiki tulizofundishwa, na tunaonekana wakorofi. Mimi nilifanya hivi:

360,000 kwa wiki 24 ni 15,000 kwa wiki. Wiki 7 kamili walifundisha: 105,000 ni halali yao. Wiki 4 zilizofuata lilifundishwa somo moja kati ya matatu, yaani 5,000 kwa wiki: 20,000, nayo yao. Jumla 125,000. Ninachodai ni 235,000.

Karatasi yenye hesabu hii ilinisaidia kuliko maneno yote niliyosema. Hata mwenye kituo alipoiona alikaa kimya kidogo.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi

Risiti, ujumbe wa malipo ya simu, ratiba ya vipindi, meseji za kundi la WhatsApp ambako mwalimu anaaga, madaftari yenye tarehe. Daftari la mdogo wangu lilikuwa na tarehe juu ya kila somo, na baada ya tarehe fulani Kemia ni kurasa nyeupe tupu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi, kwa hiyo usifute kitu. Simu ikipotea, omba taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu.

Hatua ya 4: Jua jina la unayemdai

Jina lililoko kwenye bango mara nyingi ni jina la biashara tu. Jina la biashara haliwezi kushtakiwa peke yake, ila mtu anayefanya biashara kwa jina hilo. Angalia leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani, au ulizia BRELA, wakala wa serikali unaosajili majina ya biashara. Ukikosea jina, shauri linaweza kuondolewa na ukaanza upya.

Hatua ya 5: Barua ya madai

Ukurasa mmoja unatosha: ulilipa nini, lini, nini hakikufanyika, hesabu yako, na siku 14 za kulipa, la sivyo utakwenda mahakamani. Peleka nakala mbili, moja wasaini kuwa wameipokea. Wakikataa kusaini, nenda na shahidi. Usitukane.

Hatua ya 6: Mahakama ya Mwanzo

Madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30 yanasikilizwa Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Unafungua pale mdaiwa anapoishi au anapofanyia biashara, au pale jambo lilipotokea. Unalipia ada ya kufungua shauri, na risiti yake itunze, maana ukishinda unaweza kurudishiwa gharama. Usiporidhika na hukumu, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Sisi hatukufika kwenye hukumu. Samansi (hati ya kuitwa mahakamani) ilipomfikia, yule mwenye kituo alikuja akaomba alipe mara mbili. Tukakubali, lakini tukataka makubaliano yaandikwe mbele ya hakimu. Maridhiano ya mdomo nje ya korido yasikudanganye, kesho hayupo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzazi, Pasua: Mwanangu kamaliza la saba, nikamlipia kozi ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Wiki ya pili tukapata nafasi shule ya bweni, nikamwondoa. Nadai?

*Jibu:* Pole dada, hapa aliyeondoka ni wewe, na wao walikuwa tayari kufundisha. Zungumza nao kwa upole, hasa kama ulilipia chakula au usafiri ambao hautatumika. Mahakamani sikupi moyo.

Mwanachama, Usa River: Sina risiti. Nilituma hela kwenye namba binafsi ya mwalimu mkuu wa kituo.

*Jibu:* Ujumbe wa malipo unaonyesha jina, tarehe na kiasi. Mtumie meseji ya kistaarabu: "Mwalimu, zile 150,000 nilizokutumia za ada ya Juma vipi?" Akijibu kuwa alizipata, amekiri kupokea. Na safari nyingine mdai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Kijana, Sakina: Nina miaka 17, nilijilipia kwa hela za vibarua. Naweza kufungua mwenyewe?

*Jibu:* Uwezo wa kufunga mkataba huanzia miaka 18. Nenda na mzazi au mlezi, yeye afungue kwa niaba yako. Na hongera kwa kujilipia.

Mama, Kiboriloni: Tukamripoti polisi awekwe ndani?

*Jibu:* Kushindwa kutimiza mkataba si jinai. Ni jinai pale alipokudanganya tangu mwanzo ili apate hela, kwa mfano kuchukua ada ya kituo ambacho hakijawahi kuwepo. Hiyo ni kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na hapo polisi ni mahali pake. Ila usimwandike "tapeli" kwenye makundi, anaweza kukugeuzia kibao.

Baba, Ngarenaro: Kazi yangu ni ya safari, sitaweza kuhudhuria kila tarehe.

*Jibu:* Mahakama ya Mwanzo inaweza kumruhusu ndugu au mtu wa nyumbani kwako akuwakilishe. Mwombe hakimu siku ya kwanza.

Mwalimu (ameomba asitajwe): Mimi ni mmoja wa walioondoka kwenye kituo cha aina hiyo. Tuliondoka kwa sababu hatukulipwa miezi miwili. Wazazi wanatulaumu sisi.

*Jibu:* Mwalimu, asante kwa kusema. Dai lako la mshahara linakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na uwahi, kwani muda ni siku 60. Halafu kuna wazazi wawili wa kituo hichohicho unachokisema wanaandika barua yao wiki hii, na hawana mtu wa kueleza vipindi vilisimama lini. Kama uko tayari kusimama shahidi, nitumie ujumbe pembeni.