Somo: Kuunda kinga ya meno ya kuchemsha mpaka ishike

Ukimwona bondia au mcheza raga anatafuna kinga yake ya meno (gamshildi), au anaitoa kila mara ili aongee, ujue haikuundwa vizuri siku ya kwanza. Kinga inayoyumba humziba pumzi mwenyewe, na ngumi ikija huwa haijakaa mahali pake.

Andaa sufuria, bakuli la maji baridi, kijiko chenye matundu, mkasi mdogo, kioo na saa. Piga mswaki kwanza.

1. Vaa kinga ikiwa bado ngumu. Ifike kwenye magego ya kwanza makubwa. Ikipita hapo na kukutia kichefuchefu, kata nyuma kidogo kidogo, milimita 2 kwa mara moja, kisha lainisha kingo.

2. Chemsha maji, epua, subiri nusu dakika. Kampala maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi kwa sababu ya mwinuko, na Kabale, iliyo juu zaidi milimani, ni pungufu zaidi, kwa hiyo huko juu usisubiri.

3. Zamisha kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti; nyingi husema sekunde 20 hadi 30. Hapa ndipo wengi huharibu. Ikizidi, plastiki hulegea, kuta hujikunja na kushikana. Ikipungua, meno hayaachi alama.

4. Itoe kwa kijiko, idondoshe maji, ipitishe kwenye maji baridi sekunde moja tu isikuunguze fizi.

5. Tazama kioo, ipandishe kwenye meno ya juu, katikati yake ielekeane na katikati ya meno ya mbele. Uma polepole, kama unavyouma ndizi iliyoiva. Ukiuma kwa nguvu, meno yatatoboa sakafu ya kinga, na sakafu hiyo ndiyo inayotenganisha taya mbili unapopigwa kidevuni. Fyonza hewa na mate kwa nguvu, bana midomo na mashavu kwa vidole kutoka nje, sukuma kwa ulimi kutoka ndani. Endelea sekunde 30.

6. Iweke kwenye maji baridi dakika 2, kisha ijaribu: fungua mdomo wazi bila kuishika. Ikidondoka, rudia. Ila usirudie mara nyingi, kwani kila kuchemsha huipunguza unene. Mbele ya meno ibaki kama milimita 3. Ikishakuwa nyembamba, nunua nyingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Jinja): Kocha, mwanangu ana miaka 10, meno yanabadilika. Nifanyeje?
Jibu: Mzazi, mnunulie ya saizi ya watoto na uikague kila mwezi. Jino jipya likianza kuisukuma, hiyo haifai tena. Akiwa na waya za kunyoosha meno, usichemshe ya dukani. Plastiki itashika waya. Mpeleke kwa daktari wa meno.

Swali (Katwe): Naisafisha kwa maji moto ili kuua vijidudu. Ni sawa?
Jibu: Hapana ndugu, utaikunja. Tumia maji baridi, sabuni kidogo na mswaki. Ikaushe, uiweke kwenye kiboksi chenye matundu. Usiiache juani wala kwenye mfuko wa boda.

Swali (Mbale): Je, inazuia mtikisiko wa ubongo?
Jibu: Usiitegemee kwa hilo. Kazi yake ni meno, midomo na taya. Aliyepigwa kichwa akachanganyikiwa atolewe, hata kama kinga haikutoka mdomoni.

Swali (Gulu): Jino zima likitoka, tunafanya nini?
Jibu: Lishike upande mweupe, usiguse mzizi. Likiwa chafu, lioshe sekunde chache kwa maziwa au maji safi bila kusugua, ulirudishe kwenye shimo lake, aume kitambaa. Ikishindikana, litie kwenye maziwa ya baridi, mkimbie kwa daktari wa meno ndani ya nusu saa mkiweza. Jino la utoto halirudishwi.